Kaka Ameziba Tundu la Sarafu ya Mama

Bwana mwenye ukurasa, jina langu limeze kabisa. Sema ni wa Tabora tu, panatosha kunificha. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mjane, sikujaliwa mtoto, naishi kwa kaka yangu mkubwa. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza kwa magazeti wanayofungia sukari dukani, ndiyo maana visa vyenu vingi navijua mwanzo wake tu. Mwisho uko kwa jirani aliyenunua chumvi. Leo naleta changu, nacho mwisho wake sijaupata.

Marehemu mama alikuwa na sarafu ya dhahabu, upande mmoja tembo, upande wa pili ndege wa Kijerumani. Sarafu hizo zilipigwa hapahapa Tabora wakati wa vita vya kwanza, Wajerumani walipokuwa wameishiwa na kila kitu isipokuwa amri. Baba alipewa kwa ajili ya ng'ombe wake. Haukupita muda waliompa wakakimbia, akaja Mwingereza na fedha zake, na baba akabaki na tembo asiyeweza kununua hata mbuzi. Mama hakubishana na serikali yoyote. Aliipeleka kwa sonara, ikatobolewa pale penye ncha ya mkonga, akatia uzi, akavaa.

Tangu hapo kila binti wa kwetu akiolewa huingia kwa mume na sarafu ile shingoni. Siku ya saba mama mkwe huifungua kwa mkono wake mwenyewe na kuirudisha kwetu. Ikirudi, tunajua mtoto wetu amepokelewa. Yangu ilirudi kabla ya siku hizo kutimia. Mama mkwe wangu hakupenda kulala nyumba moja na dhahabu ya watu. Mama alipofariki, aliniachia mimi niitunze.

Sasa binti wa kaka anaolewa baada ya Ramadhani. Kaka anataka karamu ya kusimuliwa mpaka Ulyankulu, na mfuko wake hautaki. Akasikia sokoni kwamba kuna Mzungu mgeni anakusanya sarafu za tembo. Akaenda kumuuliza. Mzungu akamwambia ananunua kwa bei nzuri ile ambayo haijaguswa. Iliyotobolewa au kuunganishwa kikuku cha kupitishia uzi, kwake ni dhahabu ya kupima mzani tu.

Kaka akarudi anacheka. "Tundu ni kitu gani? Tundu si huzibwa?"

Nikadhani ni maneno ya mtu aliyeshiba. Nilipokwenda msibani Nzega, akafungua sanduku langu. Sarafu akampelekea sonara, na dhahabu ya kuzibia ikatoka kwenye kipini changu cha pua, kwa kuwa kilikuwa karibu. Sonara akaziba, kisha akachora upya ncha ya mkonga. Huyu sonara wetu ni fundi wa maua na mwezi. Tembo hajawahi kukaa naye. Mkonga ule sasa unaishia kama mguu wa kuku. Na kwa kuwa sisi hatumpelekei mnunuzi kitu kichafu, kaka akaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikawaka kama sufuria ya harusi.

Niliporudi akaniburuta twende wote kwa Mzungu, nisimame pale niwe sura ya heshima. Mzungu akaweka kioo chake jichoni, akaigeuza na kuigeuza.

"Mama, huyu tembo kapatwa na nini?"

Kaka akadakia, "Bwana, ndivyo alivyozaliwa."

"Na huyu ndege, manyoya yake yako wapi?"

"Tumemsafisha kwa heshima yako, bwana."

Mzungu akacheka mpaka akavua kioo. Akasema ingekuja na tundu lake na uchafu wake angeipima mzani akatulipa. Sasa hata hajui ni dhahabu ya nani na nani humo ndani. Akaturudishia.

Njiani nilidhani kaka amekoma. Kumbe anafikiri. Yuko mfanyabiashara Nzega, anayenunua dhahabu kwa wachimbaji. Macho yake yamechoka, kwa hiyo hununua kwa kiapo cha muuzaji, na sarafu nzima huilipia zaidi. Kaka anataka tupande lori twende wote, nishike Msahafu, niape kwamba sarafu hii haijawahi kutobolewa wala kuvaliwa.

"Kwa nini usiape wewe, kaka?"

"Mimi nikiapa watu hucheka. Wewe ndiye unayeaminika."

Ni sifa ya kwanza aliyonipa tangu nirudi kwake. Nikamwambia siwezi. Akaniangalia kama mtu anayeangalia kiti kibovu. "Basi tafuta pengine pa kutandika mkeka wako."

Na binti yake naye kaja chumbani kwangu, kaniegemea begani. "Shangazi, niingie kwa watu shingo tupu? Mama mkwe atafungua nini?" Nikamsuka nywele.

Sarafu bado iko kwangu. Sonara anasema kuitoboa tena ni kazi ya kungoja kahawa ipoe. Nikiitoboa, mtoto ataivaa, hakuna mnunuzi atakayeitazama tena, karamu itakuwa ya maharage, nami nitakuwa barabarani. Nikiapa, wageni watakula pilau ya kiapo changu, mtoto ataingia kwa mkwe bila kitu cha kurudishwa, na yule mzee wa Nzega nitakuwa nimemwibia nikiwa nimeshika Kitabu. Nimechoka, ndugu zangu. Hata kulia nimeona ni kazi.

Msinitukanie kaka, matusi yake ninayo ya kutosha. Niambieni nikamate njia ipi. Safari ya Nzega imepangwa wiki hii, na gazeti lenu huku hufika likiwa limechoka kama mimi. Kwa hiyo tangu asubuhi nimeanza kukohoa. Kaka kaahirisha safari mpaka nipone. Jibuni upesi, kwani mke wake ameanza kunichemshia mwarobaini.