Dobi wa Kovilpatti na Dhiraa Moja ya Mkanda

Hana televisheni. Hana duka lenye mlango, hana pensheni, hana meno mawili ya mbele. Kidole gumba cha mkono wa kushoto anacho, lakini hakina hisia tangu pasi ilipokilalia. Hana picha ya harusi yake, kwa kuwa mpiga picha aliyeitwa siku ile alipiga kutwa nzima na kamera isiyo na mkanda ndani, akala wali, akaaga. Na kwa miaka kumi na mmoja sasa, Isakkimuthu hana mke.

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya soko la Kovilpatti, anapuliza makaa ya vifuu vya nazi ndani ya pasi ya shaba. Cheche zinaruka, jivu linamtua kwenye nyusi. Anaijaribu pasi kwa tone la maji, anasikiliza mlio wake, kisha analaza shati la kwanza juu ya mkokoteni.

Ubavuni mwa mkokoteni huo kuna maandishi ya chaki, namba moja hadi kumi na saba. Ni filamu zote za Kalingan, mwigizaji aliyefariki mwaka jana, zikiwa zimepangwa kwa ubora kama Isakkimuthu mwenyewe anavyouona. Mvua ikizifuta, anaziandika upya. Mtaa mzima unazijua.

Namba moja iko tupu.

"Kaka Isakki, tangu lini umekuwa bahili wa chaki?" anauliza Sudalai, muuza chai wa upande wa pili, akimletea glasi. "Weka *Taji la Chuma* hapo juu tupumzike."

"*Taji la Chuma* ni ya tisa. Nimekwambia tangu ukiwa na nywele."

"Watu walimwaga maziwa juu ya sanamu lake kama la mungu! Mji ukakosa maziwa ya chai siku mbili!"

"Kwa hiyo wewe muuza chai ndiye ungepaswa kuichukia."

Sudalai anacheka na kurudi kwenye birika lake. "Unanyoosha mashati ya watu," anasema bila kugeuka, "kichwa chako mwenyewe kimekunjamana."

Kwa shati moja Isakkimuthu anapata rupia kumi. Siku nzuri huondoka na mia nne, na robo yake inarudi kwenye makaa. Ana umri wa miaka sitini na mitatu. Baba yake alikuwa dobi, na pasi ni ya baba yake.

Kalingan hakuwa mtu wa kawaida, na wanaompenda hawajawahi kudai hivyo. Alivaa saa ya mkononi katika kila filamu, hata alipoigiza mfalme wa kale. Alikataa gari la kampuni, akaenda kazini kwa baiskeli. Alimwapia mama yake kwamba hatakufa kwenye skrini wakati mama huyo yu hai. Ndiyo maana kuna filamu ambamo anapigwa risasi sita kifuani, anajipangusa vumbi, anakwenda nyumbani kula.

Mama alipofariki, Kalingan alikufa katika kila filamu iliyofuata.

"Ya kwanza baada ya msiba ni *Mazishi ya Jumanne*," anasema Isakkimuthu. "Nimeiweka ya pili. Mle alikufa kama mtu aliyekuwa akisubiri ruhusa."

Ya nne ni *Bubu wa Mtaa wa Pili*. Kalingan aligombana na mwandishi wa hadithi siku ya kwanza, akaapa kutotamka hata neno moja lake, ikabidi shujaa ageuzwe kuwa bubu. "Watu waliona kiburi," anasema dobi. "Mimi niliona mtu anayezungumza kwa mabega." Ya kumi na saba ni *Wakwe Watatu*, ambamo alilazimishwa kucheza ngoma. Hapo Isakkimuthu hatetei kitu. "Hakuwa na magoti ya kazi hiyo."

Na *Taji la Chuma*, ile ya maziwa? Anaweka pasi pembeni kabla ya kujibu. "Nzuri. Lakini aliigiza kwa ajili ya watu wa viti vya nyuma. Mfalme hapigi kelele."

Namba moja, kwa miaka thelathini na minane, ilikuwa *Moto wa Kuazima*. Ni filamu iliyopigiwa picha hapahapa mjini na haikumaliza hata wiki moja kwenye ukumbi wa sinema wa Ponmani. Ilishindwa vibaya kiasi kwamba wenye mali waliona nauli ya kurudisha mikanda Chennai ni hasara juu ya hasara. Ikabaki chini ya ngazi za ukumbi.

Katika filamu hiyo Kalingan ni mfanyakazi wa kiwanda cha viberiti aliyefukuzwa kazi. Anatoka langoni asubuhi wakati wanawake wanaingia. Wanawake hao hawakuwa waigizaji. Walikuwa wafanyakazi wa kiwanda chenyewe, na waliambiwa wapite bila kumtazama.

Mmoja alimtazama. Kalingan alikuwa amevaa ndala miguu isiyo yake, ya kulia kushoto, makusudi, kwa kuwa alisema mtu aliyefukuzwa kazi hajui miguu yake iko wapi. Msichana yule aligeuza kichwa, akaona zile ndala, akacheka huku akiziba mdomo kwa mkono. Mwongozaji akataka irudiwe. Kalingan akakataa. "Huyu peke yake ndiye ameniona," alisema, na ikabaki hivyo.

Isakkimuthu aliona kicheko kile akiwa kiti cha mbele, siku ya pili ya filamu. Siku ya tatu alirudi. Siku ya nne mama yake alitumwa kuuliza msichana ni wa nani. Msichana aliitwa Petchi, alikuwa na miaka kumi na tisa, na baba yake hakuruhusu mabinti kuingia sinema.

Zawadi ya harusi iliyowafurahisha kuliko zote ilitoka kwa Arokiam, mwendesha mashine wa Ponmani. Siku hizo waendesha mashine walikata vipande vya mkanda na kuwapa marafiki, na hakuna aliyeona ubaya. Arokiam alikata kicheko cha Petchi, akaunga mkanda palipokatwa, akakiviringisha kicheko ndani ya kopo la biskuti. Kilikuwa na urefu wa dhiraa moja, kiwiko hadi ncha za vidole. Kwenye skrini, dhiraa moja ni sekunde moja.

"Kopi zilikuwa nyingi," anasema Isakkimuthu. "Madurai wanayo, Chennai wanayo. Kovilpatti wakikosa sekunde moja, nani atalia?"

Nyumbani walifanya sinema kama ile ya watoto. Unafunga mlango mchana wa jua kali. Nje unaweka kioo kirushe mwanga ndani kupitia tundu. Katikati unaning'iniza balbu iliyojazwa maji, na mbele yake unashika kipande cha mkanda, kichwa chini. Skrini ni nguo nyeupe, na kwa dobi nguo nyeupe hazikosekani. Petchi alijiona kwa mara ya kwanza juu ya shuka la karani wa benki.

"Wee," alimwambia mumewe, "kumbe meno yangu makubwa hivi, na ukanichukua?"

"Niliyafuata hayo hayo."

Lakini picha ya balbu haitembei. Petchi alimuuliza mara nyingi jinsi yeye alivyokuwa akitembea kwenye filamu, na Isakkimuthu alichukua kikapu chake, akakiweka kiunoni, akapita chumbani akigeuza kichwa. Petchi akacheka mpaka machozi. Hiyo ndiyo sinema pekee ya mwendo wake aliyowahi kuonyeshwa. Homa ya dengi ilimchukua mwaka wa mafuriko, na hakuwahi kujiona akitembea.

Miezi mitatu iliyopita walikuja vijana kutoka Chennai wanaokusanya filamu za marehemu Kalingan. Kiongozi wao ni binti aitwaye Thenmozhi. Walifungua stoo ya chini ya ngazi za Ponmani, wakakuta mikanda ya *Moto wa Kuazima*, na kabla ya kuondoka wakaionyesha kwenye ukumbi wa harusi, bure.

Isakkimuthu alivaa shati alilolipiga pasi mara mbili. Alikaa na binti yake Poongodi, mpika kashata za karanga, ambaye hakuwahi kumwona mama yake kijana ila kwenye picha ya balbu. Lile kopo la nyumbani hakulifikiria kabisa. Alichokwenda kukiona alikuwa na hakika kipo.

Lango likafunguka. Wanawake wakaja. Kalingan akatoka na ndala zake. Petchi akatokea upande wa kushoto, kikapu kiunoni, akaanza kugeuza kichwa.

Picha ikaruka. Petchi hayupo. Kalingan yuko nje ya lango, ameangalia nyuma na anatabasamu, na hakuna anayeonekana anatabasamia nini.

"Watu waliendelea kula karanga," anasema Poongodi. "Baba alinishika mkono. Sikujua kwamba mikono yake inaweza kuwa baridi."

Baada ya onyesho alimuuliza Thenmozhi kopi nyingine ziko wapi. "Hakuna, baba," binti yule wa Chennai alijibu. "Ziliyeyushwa zamani, ili watu watoe madini ya fedha yaliyo ndani ya mkanda. Hii ya kwenu ndiyo pekee iliyobaki duniani."

Asubuhi yake Isakkimuthu alichukua kitambaa chenye maji, akafuta namba moja.

Alimwambia Thenmozhi kila kitu kwa simu ya Poongodi. Thenmozhi akasema kipande chenyewe kinahitajika, kwamba picha ya simu haitoshi kuungwa, na kwamba kikishaungwa hakitarudi. Aliahidi kumtumia picha ya karatasi.

"Wapiga picha nawajua," anasema Isakkimuthu.

Nyumbani hapakuwa na amani. "Baba, tumebakiwa na dhiraa moja ya mama," Poongodi alimwambia, "nayo unataka kuitia posta? Mifuko ya posta inalowa. Barua zinapotea. Wakiipoteza utamwona wapi?"

Isakkimuthu alichukua kopo. Alilibeba hadi kwa Arokiam, ambaye sasa haoni vizuri na anaishi kwa mwanawe karibu na kanisa. Mzee alikipapasa kipande kwa ncha za vidole, akakinusa.

"Kinanuka siki," alisema. "Kinakufa, Isakki. Mkanda ukianza kunuka hivi, unajikunja, halafu unakuwa kama ganda la kitunguu. Ukikiweka, utabaki na kopo."

"Na nikikipeleka?"

"Ukikipeleka huenda ukakipoteza. Ukikiweka ni hakika." Kisha Arokiam akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyekikata. Nilidhani natoa zawadi."

"Ilikuwa zawadi," Isakkimuthu alimjibu. "Alicheka nayo miaka ishirini na saba."

Siku hiyo hiyo alimweleza Poongodi alichoambiwa. Poongodi alileta kipande cha sari ya zamani ya mama yake, pamba kavu, akakikata kwa mkasi ili kiwe cha kufungia.

Leo mchana mashati yanasubiri. Isakkimuthu ameisogeza pasi mbali, upande wa Sudalai, ili joto lisifike. Anaandika kwa kalamu aliyoazimwa na Sudalai, polepole, karatasi ikiwa juu ya mkokoteni. Anaorodhesha filamu zote kumi na saba, kwa kuwa Thenmozhi aliziomba. Safari hii hakuacha nafasi tupu, hata ya kwanza. Chini yake anaandika: "Muungeni kabla Kalingan hajatabasamu. Anaitwa Petchi. Msimharakishe."

Mipango yake ni michache. Filamu ikiwa nzima, Thenmozhi ameahidi kuirudisha ionyeshwe tena hapa. Atakaa kiti cha mbele na Poongodi. Kesho yake atachukua chaki na kuandika namba moja kwenye mkokoteni, si kabla.

"Na ikija, nami nitaitazama," anasema Sudalai, taratibu. "Lakini *Taji la Chuma* ipande hata ya nane."

"Tutaona."

Anakunja barua, analaza kipande ndani ya pamba kati ya vibao viwili vyembamba, anafunga bahasha kwa wanga wa mchele, ule ule wa kola za mashati. Anaukandamiza kwa kidole gumba kisicho na hisia mpaka unashika.

Posta, karani ananyanyua muhuri wake mkubwa.

"Gonga pembeni, mama," anasema Isakkimuthu. "Katikati kuna mtu."

Karani anamtazama, anaitazama bahasha. Anagonga pembeni, polepole kabisa, kisha anaiweka kwenye mfuko wa Chennai kwa mikono miwili.