Nyayo Kwenye Kituo cha Pili

Nilikwenda London kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa hawaaminiani. Nafundisha michezo katika shule ya sekondari huku Temeke, na kwa miaka sita sasa nina timu ya besiboli, mchezo ambao wazazi wengi huniuliza kama ni rede ya watu wazima. Si rede. Kuna vituo vinne, kuna mpiga gongo, na kuna walinzi wa katikati ya uwanja ambao wakielewana, mpira mmoja unawatoa wapinzani wawili: wa kwanza anauokota na kumrushia mwenzake wa kituo cha pili, naye anageuka na kumrushia wa kituo cha kwanza. Wangu walishindwa. Kila mmoja aliogopa kuuachia mpira. Kwa hiyo klabu moja ya kusini-mashariki mwa London iliponialika kwenye mafunzo ya makocha ya wiki mbili, chini ya Mkolombia aliyewahi kuishi kwa mchezo huo, nilianza kupanga nguo kabla sijamaliza kuisoma barua.

Jumamosi niliondoka Dar es Salaam na joto letu la Januari. Jumapili mchana nilikuwa natetemeka kwenye uwanja wa ndege wa London, huku Mwanaidi, mtoto wa mama yangu mdogo, akinivisha koti la mumewe.

"Karibu kwenye friji, kaka Shabani," alisema.

Mwanaidi anaishi Thamesmead, kwenye flati ya ghorofa ya tatu, na kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Binti yake Latifa, wa miaka tisa, aliniamkia "Shikamoo, mjomba" kwa sauti nzuri, kisha kila nilichomuuliza kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza. Dirishani niliona maghorofa ya kijivu, mfereji wenye mabata, na ukungu ambao ulikuwa umekaa pale kama mgeni asiyeaga.

Jumatatu asubuhi mafunzo yalianza ndani ya ukumbi. Mkolombia huyo alijitambulisha kwa jina moja tu, Anselmo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mfupi, mwenye viganja vipana kuliko mwili wake. Kwa miaka mingi alisimama baina ya kituo cha pili na cha tatu, mahali pa wenye miguu myepesi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga kama changu, na labda ndiyo sababu tulielewana haraka.

Jambo moja lilinishangaza. Kila alipotuonyesha jinsi ya kurusha kwenda kituo cha pili, hakugeuza kichwa. Mpira ulitoka mkononi mwake yeye akitazama chini. Na pale kituoni hapakuwekwa mtu. Watu wa klabu waliweka ndoo ya plastiki.

"Kwa nini ndoo?" nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akigawa chai.

"Hakuna anayependa kusimama pale Anselmo anaporusha," alijibu, akanipa kikombe na kwenda zake.

Jumatano niliwahi. Usiku ulikuwa umeshusha sakitu, na uwanja wa nje ulikuwa mweupe wote, kila jani limevaa barafu nyembamba. Anselmo alikuwa peke yake uwanjani, na ndoo ya mipira miguuni pake. Alijirushia mpira chini, akauokota, akaurusha kwenda kituo cha pili bila kutazama. Nikasikia pa! Wanaocheza besiboli wanaijua sauti hiyo: ni mpira unaoingia kwenye ngozi ya glavu.

Nilitazama. Hapakuwa na mtu. Mpira ulikuwa umetulia chini, kando ya kituo, kama umewekwa kwa mkono.

Akarusha wa pili. Pa! Ukatulia pembeni ya mwenzake. Wa tatu nao. Mpira uliorushwa kwa nguvu ile ulipaswa kubiringika mpaka kwenye uzio. Nilianza kutembea nikamwokotee, nikidhani pana kitu kinachoizuia.

"Mwalimu!" aliita, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuomba. "Usikanyage hapo, tafadhali. Utamgonga."

Mchana huo, wenzetu walipokwenda kula, tulibaki wawili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na hita inagonga ukutani. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe, nami nayaandika maneno yake kama nilivyoyaelewa.

Alizaliwa katika mji mdogo wa pwani ya Kolombia, ambako watoto hucheza besiboli kwa fimbo ya ufagio na vizibo vya chupa. Jirani yake aliitwa Nicanor. Tangu wakiwa na miaka saba, Anselmo aliokota na Nicanor alipokea. Hawakuhitaji kutazamana. Walipofika kumi na saba, wakala mmoja aliwachukua wote wawili, akawapeleka kwenye ligi ndogo za Marekani, kwenye mji wa mashamba ya mahindi ambako hawakujua kuomba hata maji. Walilala chumba kimoja na kula sahani moja.

"Mwaka wa tatu," alisema, "Nicanor aliumia kifundo cha mkono. Akaficha. Kila asubuhi mimi ndiye niliyemfunga bendeji, mlango tumeufunga kwa ufunguo. Hakuna mwingine aliyejua. Kisha ikatokea nafasi moja ya kupanda ligi ya juu. Nafasi moja tu, mwalimu. Kocha mkuu akaniita, akaniuliza: mwenzako ni mzima?"

Hita ikagonga.

"Nikasema si mzima."

Kesho yake begi la Nicanor lilikuwa mlangoni. Alimuuliza Anselmo jambo moja tu: nani amewaambia? Anselmo akajibu kwamba hajui. Nicanor akarudi kwao, akawa dereva wa pikipiki ya abiria, na mwaka uliofuata akafa barabarani siku ya mvua. Habari zilimfikia Anselmo akiwa amevaa jezi, nusu saa kabla ya mechi. Alitoka akacheza. Hakukosea hata mpira mmoja.

"Nicanor alianza kunijia nikiwa Mexico," aliendelea. "Marekani walikuwa wameniacha, nikasajiliwa kule. Mlinzi wa kituo cha pili akanilalamikia kwamba namwita kwa jina la mtu mwingine. Mimi sikuwa nimemwita. Baadaye Italia, kijana mmoja aliniambia kuna mtu anahema begani kwake kila nikiokota mpira. Akaomba ahamishwe nafasi. Akaja wa pili, naye akaomba. Timu haiwezi kuishi hivyo. Wakaniacha, na hakuna aliyenichukua tena. Ndiyo nikaja hapa kufundisha."

"Umewahi kumwona?"

"Miaka kumi na mitano sijageuza kichwa. Nikitazama nikamkuta, nitamwambia nini? Na nikitazama nikamkosa?" Alinikazia macho. "Kesho simama kituo cha kwanza. Utazame kwa niaba yangu, uniambie ukweli. Watu wa hapa wananihurumia, hawataniambia."

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi kwa hesabu yetu ya Kiswahili, jua la London lilikuwa ndiyo kwanza linajikongoja nyuma ya ukungu. Sakitu ilikuwa nene kuliko ya jana. Niliuzunguka uwanja kwa nje mpaka kituo cha kwanza, nikageuka kutazama: njia yangu imechoreka wazi kwenye majani meupe, na njia ya Anselmo imechoreka upande wake. Baina yetu uwanja ulikuwa safi kama shuka. Nilivaa glavu. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo, na sioni haya kusema hivyo.

Anselmo akauokota mpira. Akaurusha, uso wake chini.

Pa!

Safari hii mpira haukuanguka. Uligeuka. Ulitoka kituo cha pili ukija kwangu, kifuani, kwa kasi ya mtu anayejua kazi yake. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Ukaingia ndani ya glavu, na baridi yake ikapenya ngozi mpaka kwenye mifupa ya kiganja.

Sikumbuki nilisimama vile kwa muda gani. Nilisogea hatua chache nikatazama chini pale kituoni. Kulikuwa na nyayo. Nyayo za viatu vya njumu, kama jozi kumi hivi, zimekizunguka kituo. Hazikutoka popote na hazikwenda popote. Sakitu yote ya pembeni ilikuwa nzima.

"Niambie," Anselmo aliita, bado hajageuka.

"Mtu sikumwona," nilisema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Nyayo zipo. Na mpira ninao mimi."

Aliketi palepale kwenye barafu, akajifunika uso kwa glavu.

Jioni hiyo nilimsimulia Mwanaidi, Latifa akiwa chumbani na kazi zake za shule. Nilitarajia acheke. Aliendelea kukatakata bamia.

"Audhubillahi," alisema kwanza. "Mambo ya mizuka usiniletee ndani ya flati ya kaunsili, kaka. Halmashauri imenisubirisha miaka minne kunipa." Kisha akaweka kisu chini. "Lakini sikiliza. Pale kazini tuna wazee wanaozungumza na watu ambao sisi hatuwaoni. Zamani nilikuwa nawabishia. Nikirudi kutoka shifti, kichwa kinauma. Sasa sibishani nao. Nawauliza tu, huyo aliyekuja anataka nini? Na mara nyingi wanajua. Huyo rafiki yako amemuuliza?"

"Anamwogopa."

"Miaka yote anamrushia mipira, hajamrushia neno hata moja?"

Maneno hayo nilimpelekea Anselmo kama yalivyo. Siku tatu, wikiendi ikiwemo, alifundisha ndani ya ukumbi, na ile ndoo ya plastiki ikiwa mahali pake. Nilidhani nimemkosea. Ndipo Jumatatu ya wiki ya pili, tukiwa kwenye foleni ya chai, alininong'oneza sikioni. "Kesho. Uwepo."

Jumanne ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka kituo cha kwanza nilimwona Anselmo kama kivuli tu. Sakitu haikuwepo, majani yalikuwa yamelowa. Hakuna gari lililosikika, wala ndege. Anselmo aliushika mpira, akakaa nao mkononi kwa muda mrefu. Kisha, taratibu, kama mtu mwenye shingo iliyovunjika ikaunga vibaya, akageuza kichwa kuelekea kituo cha pili.

Alisema kwa Kihispania. Sikijui, lakini nilisikia jina la Nicanor, na nikalisikia tena, na baada ya hapo maneno mafupi ambayo hayakuhitaji mkalimani, kwa jinsi alivyokuwa akijipiga kifua: ni mimi, mimi ndiye niliyesema. Sauti yake ilipasuka. Akangoja. Nami nikangoja, glavu iko wazi, na ukungu wa pale kituoni ulikuwa unakwenda na kurudi, ukienda na kurudi, kama mbele ya mdomo wa mtu anayehema.

Kisha ukatulia.

Anselmo akarusha. Alirusha huku akitazama, macho mawili wazi. Mpira ulipita juu ya kituo cha pili, ukadunda kwenye majani, ukabiringika, ukabiringika, mpaka tukausikia ukigonga uzio wa waya kule mbali. Ulikuwa mpira wa kawaida, uliorushwa mahali pasipo na mtu.

Hatukusogea. Mwishowe Anselmo alitembea kuufuata, akapita juu ya kituo chenyewe, hatua kwa hatua, kama anayevuka sebule ya watu. Alirudi na mpira umejaa matope.

"Ameondoka," alisema.

"Basi amekusamehe."

Alitikisa kichwa. "Hakusema hivyo, mwalimu. Ameondoka tu." Alikuwa analia, na sikuweza kujua kama ni kwa nafuu au kwa upweke. Nadhani hata yeye hakujua. Kuanzia siku ile, mafunzoni, aliomba mtu asimame kituo cha pili. Yule mama wa chai ndiye aliyejitolea wa kwanza. Anselmo alimtazama usoni kabla ya kurusha, na mara tatu mfululizo alikosea, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwa amekosea.

Ijumaa aliniambia ameandika barua kwa mama yake Nicanor, ambaye bado yu hai katika mji ule wa pwani. Alinionyesha bahasha. Tulikwenda kuiposta pamoja, na aliposikia ikianguka ndani ya sanduku alishtuka kama aliyesikia mlango ukifungwa. Jibu lake sijalisikia. Nimemwandikia Anselmo mara mbili kuuliza, na mara zote ananijibu kwamba anangoja.

Jumapili Mwanaidi alinisindikiza uwanja wa ndege, akanijazia begi biskuti za watoto wa dada zangu. "Na koti la watu urudishe," alisema, akanivua palepale mlangoni. Asubuhi yake nilikuwa Dar es Salaam, na jua likinichoma utosini kama halijawahi kuniona.

Makocha wenzangu waliniuliza nimejifunza nini huko Ulaya, nami niliwapa mambo ya mazoezi ya viungo na ratiba. Lakini wanafunzi wangu nimewawekea sheria moja mpya: hakuna kurusha mpira kwenda kituo cha pili kabla hujamtazama mwenzako machoni. Wanasema inawachelewesha, na ni kweli. Tumepoteza mechi mbili kwa sheria hiyo, lakini wameanza kuachiana mpira.

Wiki iliyopita Zuhura, mlinzi wangu wa katikati, mwepesi kuliko wote, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na nikitazama nikakuta hakuna mtu?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka.

"Basi usirushe," nilimwambia. "Kaa na mpira wako."