Saa Saba Jioni ya Vernell Gatlin

Saa nane mchana, Jumamosi. Vernell Gatlin amekaa kiti cha mbele cha gari kuukuu la Cleotha Dorsey, daftari mapajani, penseli sikioni, na amekasirika.

"Andika, mwanangu," anamwambia mwandishi aliyebanwa kiti cha nyuma. "Andika nina miaka arobaini na saba, napiga pasi mashati ya watu siku tano kwa wiki, na siku ya sita, badala ya kulala, nafuata polisi. Halafu andika kwamba wamenichosha."

Vernell ni mmoja wa watu kumi na wanne wa Larkin Heights, California, wanaozunguka mtaani kwa kujitolea tangu mwaka jana, 1965. Hawana bunduki wala rungu. Wana kitambaa cheupe kwenye antena, ili watu wajue ni wao. Askari akimsimamisha mtu mweusi, wanasimama hatua kumi mbali na kuandika saa, mahali, namba ya beji, na kilichofanyika. Kwa sheria yao wenyewe, hawaruhusiwi kumjibu neno.

"Kuandika si kazi," anasema Cleotha, fundi bomba mstaafu, anayebeba kinasa sauti kizito walichoazimwa na kanisa. "Kazi ni kunyamaza. Sasa Dada Vernell na kunyamaza, we acha tu."

"Endesha gari, Cleotha."

Wamepeleka polisi malalamiko thelathini na moja. Yaliyokubaliwa? Hata moja! Lakini la kumi na tisa ndilo linalomkosesha Vernell usingizi. Mwezi Machi alimwona askari aitwaye Tackett akimvuta Roscoe Tillery, muuza maziwa, kutoka kwenye gari lake na kumpiga rungu mpaka akaanguka. Aliyeshtakiwa ni Tillery, eti kampiga askari. Kesi ni Jumatatu hii. Akishindwa, anafungwa mwaka mzima, na ana watoto watatu. Shahidi wake ni mmoja tu, Vernell.

Vernell aliandika kila kitu. Na saa akaandika hivi: "saa saba jioni."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Sisi tuliohamia huku kutoka Louisiana na Texas, mwandishi huyu akiwemo, sahani za chakula cha mchana zikishaoshwa, imekuwa jioni. Ndivyo tulivyolelewa. Barua ya polisi ilirudi na mistari miwili: Tillery alikamatwa mchana, shahidi anazungumzia jioni, kwa hiyo shahidi hakuwepo.

"Sikuwepo!" Vernell anapiga daftari kofi. "Damu ya Roscoe imenirukia kiatuni, halafu sikuwepo! Mama yangu kule Opelousas alisema saa saba jioni. Bibi yangu alisema saa saba jioni. Sasa niwafufue waje wamweleze hakimu?"

Wakili wa Tillery anamshauri Vernell akiri kwamba alikosea. Hataki kusikia. "Nikikiri hilo, wataniuliza nimekosea na nini kingine. Roscoe anakwenda jela kwa ajili ya mdomo wangu. Jamani, neno moja tu la kwetu!"

Saa nane na dakika ishirini Cleotha anakanyaga breki. Mbele ya duka la samaki wa kukaanga, gari la polisi limemsimamisha mzee mmoja aliye garini na mkewe. Askari anayeshuka ni Tackett.

Vernell anashuka. Penseli inakwenda. Cleotha anawasha kinasa sauti na kutaja tarehe na saa. Tangu ile barua wenzake wamemlazimisha aseme "mchana," na hulitamka kama anayemeza kwinini.

Tackett anawaona. Anakaza taya, kisha anainama dirishani kwa upole ambao mtaa huu haujawahi kuuonja.

"Habari za jioni, mzee," anasema, kwa lafudhi nzito ya Texas. "Naomba leseni yako."

Penseli ya Vernell inasimama. Anamtazama Cleotha. Cleotha amejiuma mdomo, mabega yanamcheza. Hakuna anayesema neno, sheria ni sheria. Baada ya dakika nne mzee anaruhusiwa kwenda zake.

Ndani ya gari, mlango haujafungwa sawasawa.

"Umesikia? Cleotha, umesikia? Rudisha mkanda!"

Mkanda unarudi nyuma, unakoroma, unasema: saa nane na dakika ishirini, mchana. Kisha Tackett: habari za jioni, mzee. Wanausikiliza mara tatu, wakicheka. Mara ya tatu Vernell anajifuta macho kwa kiganja, na hacheki tena.

"Jumatatu naubeba huu," anasema. "Sikiri kosa lolote. Wakiniuliza jioni gani hiyo ya saa saba, nitawaambia wamuulize Tackett. Huenda Roscoe akarudi nyumbani."

Anafungua ukurasa mpya.

"Saa ngapi sasa?"

"Tisa kasoro robo," anajibu Cleotha.

Vernell analowesha ncha ya penseli ulimini na kuandika, polepole, kwa herufi kubwa: saa tisa kasoro robo, jioni.