Nafasi ya Mtoto wa Delta

Mwanangu, kabla hujaijaza fomu hiyo, ngoja nikusimulie asubuhi moja nisiyoisahau, ya mwaka niliomaliza darasa la saba.

Tulikaa Mtawanya, shule hatua chache tu kutoka mlangoni petu. Mwaka ule sekondari ilitenga nafasi moja kwa mtoto wa Delta, vile vijiji vya mdomoni mwa mto, maana kule walimu hawakai, na mafuriko yakija masomo hukatika. Aliyestahili alikuwa Mwanahawa, binti aliyepiga kasia kila siku kwenda shule. Alama zangu zilizidi zake, ila hazikutosha kwa nafasi za kawaida, na hilo lilinikera sana. Nikawaambia wenzangu kwamba huyo atapelekwa kwa huruma tu. Kisha, kwa kuwa bibi yangu mzaa mama alizaliwa Delta, nikaandika kwenye fomu kwamba na mimi ni wa huko.

Jina langu likatoka. La Mwanahawa likaachwa.

Baba yake akaja kulalamika, ukaitishwa mkutano ofisi ya kijiji. Mwanahawa alikaa kainamisha kichwa, hakunitazama hata mara moja. Mwenyekiti akamgeukia bibi yangu. Neno lake moja lingetosha kuniokoa.

"Bi Mkubwa, huyu ni wa Delta?"

Bibi akaniangalia kwanza.

"Damu ni yangu," akasema. "Lakini nafasi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya damu. Wewe Salumu, lini maji yamekuzuia kwenda shule?"

Nikamgeukia baba yangu aliyekaa nyuma.

"Nakuuliza! Lini?"

"Sijawahi kuzuiwa, bibi. Lakini nimemzidi alama."

"Umemzidi, ndiyo. Wewe umesoma umekaa, yeye kasoma akitoa maji mtumbwini. Mpe mwenzio chake."

Nikasema mbele ya watu wote kwamba nilidanganya. Baba yangu aliinuka akatoka, na siku nyingi hakusema nami. Mwanahawa akaenda. Alirudi mwalimu, akafundisha kwao Delta, mahali ambapo wageni hawakudumu. Mimi sekondari sikuiona. Nikawa seremala, na sikufichi, siku nyingine bado linaniuma. Lakini nikikutana naye sokoni Kibiti hunisalimia kwa jina, nami namtazama machoni.

Sasa mradi huo uliotoa fomu yako umetenga ajira kwa vijana wa Delta, na wewe umezaliwa hapa hapa kando ya barabara kuu. Usiandike uongo, mwanangu. Nafasi ile amewekewa mtu aliyecheleweshwa njiani. Ukiichukua kwa ujanja, unayemwibia ana jina lake na mama yake anamsubiri. Na akiipata mwenyewe, usimwite wa huruma, hujui alikopita. Omba zile zilizo wazi kwa wote, na ukikosa, omba tena.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali, akufungulie mlango ambao hukumfungia mtu. Amin.