Shikamoo Kwenye Ngazi za Ndege

Nilikwenda Dar es Salaam kwa sababu ya nyonga. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, imekuwa ikiila ya kushoto tangu utotoni, na daktari alikubali kunifanyia upasuaji kwa sharti moja: nisianguke kabla ya kufika kwake. Tatizo ni kwamba sionekani mgonjwa. Mimi ni mwalimu kijana, nimenawiri, na watu husema nimependeza.

Asubuhi kaka yangu alinitoa Kisesa kwa gari hadi uwanja wa ndege wa Mwanza. Njia nzima nilijizoeza kuomba nipande mapema, maana ngazi zenye watu wanaosukumana zilinitisha kuliko kisu cha daktari.

Dawatini nilimweleza mhudumu kwa sauti ya chini, kama ninayeungama.

"Hamna shida, dada. Tukiita wanaohitaji msaada, pita mbele."

Moyo ukatulia. Lakini tulipoitwa, wakainuka pia akina bibi waliokuwa wakienda harusini. Ningewapitaje watu wa umri wa mama yangu? Shikamoo, nikampisha wa kwanza. Shikamoo, nikampisha wa pili. Nikaendelea hivyo hivyo, na kabla sijamaliza adabu zangu, abiria wengine wakaruhusiwa. Chini ya ngazi begi la mtu likanigonga nyonga. Nilishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili.

Bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani akageuka. "Binti, si wewe niliyekusikia pale ukiomba kutangulia?"

"Ni mimi, bibi. Nimeona nyinyi ni wakubwa..."

"Shikamoo zako tumezipokea. Sasa zitakutibu? Hebu pita!"

Akajipanga nyuma yangu na mkoba wake mpana, akawaambia waliofuata, "Tulieni. Ndege ipo."

Nilipanda hatua kwa hatua, na hakuna aliyenigusa. Tulipopaa juu ya ziwa nikalia kidogo, kwa raha tu.

Dar es Salaam upasuaji ulikwenda salama. Baada ya wiki kadhaa nilianza safari ya kurudi, nikiwa na magongo mawili. Dawatini niliomba kwa sauti ya darasani, hadi watu wakageuka. Heshima ninayo bado, ila nimejua haidai nivunjike mguu.

Tulipoitwa nikatangulia. Nyuma yangu nikasikia mzee akikohoa.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikiwa ngazi ya tatu, bila kusimama.

"Marahaba, mwanangu. Panda tu."