Kuomba Moto kwa Bibi Aikande

Kuni za mti wa kahawa uliozeeka zikiungua hutoa harufu tamu kidogo, kama sukari iliyosahauliwa kwenye sufuria. Kule juu kwetu harufu hiyo ikikutana na ukungu hushuka chini ya migomba na kukaa hapo hapo, haina haraka ya kwenda popote. Nadhani mimi ndiye niliyeirithi tabia hiyo. Watu wanavuka bahari kuja kuupanda mlima wetu. Mimi niliyezaliwa ubavuni mwake sijawahi hata kulifikia geti la kuingilia, na leo, hapa Rau, chini mjini, naupanda kwa macho tu, dirishani, kikombe cha chai mkononi. Lakini utotoni kulikuwa na safari moja ambayo kila jioni nilitumwa, nitake nisitake: kwenda kuomba moto kwa Bibi Aikande.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mjane aliyeishi peke yake kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba, kilichopakana na chetu, ng'ambo ya mfongo uliotuletea maji ya mashamba. Miaka ya nyuma aliteleza mteremkoni akikata majani ya ng'ombe, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo hakusimama tena. Alisogea kwa kujivuta na kigoda chake kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga, na dunia yake ikaishia hapo. Mwanawe wa pekee, Elirehema, alikuwa na kazi Dar es Salaam, na kila Krismasi alipopanda kuja nyumbani kama Wachaga wote alimsihi ahamie kwake. "Nikakae ghorofani kama njiwa?" Bibi alimjibu. Alitaka kumalizia siku zake kwenye kihamba chake bila kuwa mzigo wa mtu, basi. Na kiburi alikuwa nacho. Ukimpelekea chakula, alikirudisha. Ukimuuliza anaendeleaje, naye alikuuliza nani amekutuma kumpeleleza.

Basi majirani, walipoona hapokei, wakaanza kumwomba. Kila jioni nyumba zote zilizomzunguka ziliishiwa moto. Mama alinipa kigae cha chungu cha kubebea makaa, akaniwekea kipande cha kuni kwapani, akasema, "Mwambie Bibi moto wetu umezimika. Na usiende hivi hivi, mkono mtupu haulambwi." Mara nyingi aliongeza bakuli la mtori wa ndizi, si la kumpa, hapana, ila aonje atuambie kama chumvi imekolea. Bibi alionja. Alionja tena kuhakikisha. Alipofika chini ya bakuli alitoa hukumu yake, na kila siku ilikuwa kwamba chumvi haijatosha. Wakati makaa yanakolea, watoto tuliokusanyika pale tulimchotea maji mfongoni, tukafagia, tukampa mbuzi wake majani, na yeye akatusimanga kwa raha zake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?" Alinijua kuliko nilivyojijua.

"Wa Mama Upendo."

"Ahaa, Mama Upendo. Mume fundi, ng'ombe wawili, moto hana. Sijui baba yako alimwoa kwa kuangalia nini. Na kuni gani hizi mbichi? Unataka kuniliza kabla ya msiba wangu?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeinamisha kichwa kwa aibu ya umaskini wetu. Niliamini kabisa kwamba kijiji kizima kinamtegemea Bibi Aikande, kwamba siku akiacha kupika sote tutakula ndizi mbichi. Kuna siku niliona kiberiti nyuma ya Biblia, nikamwonyesha mama kwa furaha ya mtu aliyegundua hazina. "Hicho ni cha taa," akasema, akaendelea kumenya ndizi. Nikamwamini. Sikuwa mtoto mwenye akili nyingi, na shule ya sekondari baadaye haikubadilisha sana jambo hilo.

Krismasi moja Elirehema alikuja na jiko la gesi na mtungi wake. Alikuwa ameona macho ya mama yake yanavyochuruzika kwa moshi, na daktari alikuwa amesema kile kikohozi kinatokana na moshi huo huo. Kijana wa watu alifanya kila ambacho mtoto mwema angefanya. Aliyang'oa mafiga, akafagia majivu, akaliweka jiko juu ya kimeza kifupi ambacho mama yake angekifikia. Majirani tulijaa mlangoni kutazama ule moto wa buluu usio na harufu. Watu wakapiga makofi. Mama yangu hakupiga.

Jioni iliyofuata nilisubiri kutumwa, sikutumwa. Gesi haitoi kaa la kubeba kwenye kigae. Mama alijaribu mwenyewe, akavuka mfongo na bakuli la mtori, akasema amekuja kusalimia tu. Akarudi nalo limejaa. "Ameniambia ana jiko na ana mtoto mjini," alimwambia baba, "na kwamba yeye si ombaomba." Wanawake wengine nao walijaribu, mmoja kwa yai, mwingine kwa kumwombea, wote aliwauliza nani amewatuma. Watoto tukapata michezo mingine. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, ni kweli, lakini hata jirani anahitaji sababu ya kupita mlangoni.

Masika yalipoingia mvua ilinyesha mfululizo, njia zikawa utelezi, kila mtu akajifungia kwake. Kumbe mtungi uliisha mapema tu. Bibi hakumwambia mtu. Mama ndiye aliyekwenda, baada ya kusikia mbuzi akilia bila kunyamazishwa. Alimkuta amejifunga mablanketi jikoni mwa nyumba yake, baridi imemwingia kifuani, pembeni kuna maganda ya ndizi mbivu. "Gesi imekwenda kutembea," Bibi alisema. "Itarudi." Wanaume wakambeba kwenye machela hadi barabarani, gari likampeleka hospitali mjini. Kihamba chake hakukiona tena.

Msibani, kama ilivyo desturi, kila nyumba ilileta kuni. Zilirundikwa uani kwake hadi zikapita urefu wa baba yangu, kavu zote, za mti wa kahawa, za kumtosha masika kadhaa. Elirehema alizitazama, akakaa chini kwenye matope na suti yake, akalia kama mtoto. Hakuna aliyemlaumu. Tungemlaumu kwa lipi, kwa kumpenda mama yake?

Sasa mama yangu ndiye mzee wa kule juu. Baba alishatangulia, magoti ya mama yamechoka, nasi watoto wake tumetawanyika, mimi wa karibu kuliko wote na mvivu kuliko wote. Tumemtimizia kila kitu: gesi, tangi la maji uani, taa ya sola, simu yenye namba kubwa. Kutoa ni moyo, na mioyo tunayo. Majirani nao wana gesi zao, matangi yao, na mageti yao. Hakuna anayemkosea adabu, na hakuna anayeingia.

Jumapili nilimpigia. Umekula? Nimekula. Unahitaji nini, mama? Sihitaji kitu, mwanangu, msijisumbue. Lakini hakukata simu. Nikawa nasikia anavyopumua. Tangu siku hiyo nimekaa dirishani nikitafuta ni kitu gani nikikose, kitu cha kweli asichoweza kukitilia shaka, ili nipande kwenda kumwomba.