Mafaili Yaliyotoka Jioni

Mimi darasa la saba ndiyo mwisho wangu, na sioni aibu kusema. Wapo waliosoma mpaka vitabu vikawaishia, na gari likigoma kuwaka wananipigia simu mimi. Nilianzia Kongowe, na bisibisi moja na redio mbovu za watu. Leo nina nyumba Sofu, hapa Kibaha, nina kiwanja Kisarawe, na kwenye kiwanja hicho kuna mashine ya kutotolesha vifaranga niliyoiunda kwa mikono hii, kwa mbao na friji lililokufa. Juu yake niliweka kompyuta kuukuu inayotumia mfumo wa Linux. Hiyo ndiyo kuku mama. Inapima joto, inawasha taa na kuzima, inageuza trei. Hakuna aliyenifundisha. Nimejua kwa kuharibu na kutengeneza.

Jirani yangu wa Kisarawe ni bibi mjane, Mzaramo, mfugaji wa kuchi tangu ujana wake, wale kuku warefu wenye shingo za kiaskari. Ukapita mdondo. Siku tatu, banda zima likalala. Yakabaki mayai ya kwenye kapu uvunguni mwa kitanda, aliyoyaokota kabla ugonjwa haujafika. Akaniletea mwenyewe, anatembea polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa.

"Mbegu hii aliniachia mama yangu," alisema. "Kijiji kizima haipo tena. Iko humu tu."

Mimi asili yangu Usukumani, na Wazaramo ni watani zetu, kwa hiyo akaongeza: "Ukiyaua, mtani, nakuzika na friji lako. Na kulia silii."

"Bibi, mashine hii haina mpinzani Pwani nzima."

"Hata jogoo wangu alikuwa anasema hivyohivyo."

Siku ya kumi na mbili nilifika asubuhi, ukungu bado umekalia vilima, nikakuta kimya. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa kishindo. Taa zilipona. Diski ya kompyuta ilikuwa imekufa, na programu ya joto imekufa nayo. Nikamwita bibi, tukayafunika mayai kwa mablanketi, tukayapangia chupa za maji ya moto pembeni. Nikamwacha bibi hapo, naye kila mara anachukua yai moja na kuligusisha kwenye kope ya jicho, kama walivyofanya wakubwa zake. Kope haidanganyi joto.

Nikapanda pikipiki, nikapita Kiluvya, nikarudi Kibaha. Nyumbani nilikuwa na diski ya akiba, Linux imo tayari. Programu ndiyo ilikuwa haimo. Aliyeitunga, mtu wa ng'ambo huko, haitoi ikiwa imeiva. Anakupa maandishi yake mabichi, uyapike mwenyewe ndani ya kompyuta yako. Nikaingia duka moja la Tangini lenye intaneti, nikayashusha, nikarekebisha mistari michache palepale kwenye kompyuta yao, nikayatia kwenye flashi. Kurudi Kisarawe jua lilikuwa limevuka utosi.

"Yamepoa?" niliuliza.

"Hayajapoa. Ila hayajapata moto pia. Fanya, fundi."

Nikafunga diski, nikawasha. Kompyuta ile betri yake ndogo ya saa ilikufa zamani, kwa hiyo kila ikiwaka naiwekea tarehe na saa mwenyewe. Nikatazama ya mkononi: nane na dakika tano. Saa yangu nimeisogeza isome kama tunavyosema, nane iwe nane, sitaki kila nikiitazama nijumlishe sita. Nikaandika nane na dakika tano. Nikatoa amri ya kwanza, ile inayokagua jiko kama vyombo vipo kabla ya kuanza kupika.

Maandishi yakapanda kwenye kioo kama siafu. Yakasimama. Kuna kifurushi, kijiprogramu cha kusaidia upishi, kilipungua. Nilijua kitapungua, nilikuja nacho. Nikakiweka, nikarudia. Siafu wakapanda, wakasimama tena.

Kiingereza changu ni cha kwenye mabodi na maboksi, lakini nilisoma neno kwa neno. Ilisema faili lililotengenezwa sasa hivi ni la zamani kuliko mafaili niliyokuja nayo. Halafu ikasema: kagua saa yako.

Nikakagua. Kompyuta, nane na dakika ishirini. Mkononi, nane na dakika ishirini. Sasa?

Nikafuta folda, nikanakili upya. Lilelile. Nikageuza flashi tundu lingine. Lilelile. Nikazima, nikawasha, nikaweka saa upya kwa uangalifu kama mtu anayepima dawa. Lilelile. Mvuke wa chupa ulikuwa umejaa chumbani, dirisha limefanya ukungu, na bibi ameketi ndani yake yai likiwa jichoni, amefumba jicho la pili. Nilimwona kama mtu ninayemwota. Nilikuwa nimetoka nyumbani bila kula. Nikaanza kusikia, au kudhani nasikia, mayai yale yakipumua chini ya mablanketi, kidogo kidogo, kwa zamu.

"Inasemaje?" aliuliza bila kufumbua.

"Inasema kilichozaliwa leo kimezeeka kuliko kilichokitangulia."

"Ina wazimu."

"Haina. Kompyuta haina wazimu, bibi."

"Basi mmoja wenu anao."

Nikafungua orodha ya mafaili, kila moja na muhuri wake wa saa. Yote yameandikwa kumi na dakika kadhaa. Saa kumi! Nikatazama nje. Kivuli cha mkorosho kilikuwa bado kifupi. Saa kumi ya jioni ilikuwa haijafika. Nilikaa pale, mtu mzima, nikiamini kabisa kwamba nimebeba kwenye flashi vitu vilivyotoka jioni ambayo bado inakuja, na kwamba huko jioni vilikotoka mayai haya ama yamekwisha kuokoka ama yamekwisha kufa, na mafaili yanajua.

"Vitu vimetoka saa kumi," nilimwambia.

"Umevichukua saa ngapi?"

"Saa nne. Asubuhi."

"Huko dukani wana saa ya nani?"

Nikaitazama saa yangu ya mkononi.

"Marehemu mume wangu saa yake ilikuwa ya kizungu," alisema, na akabadilisha yai, akaliweka jicho la pili. "Saa nne yeye anasoma kumi. Miaka yote nampunguzia sita. Wewe ya kwako ya nyumbani, ya dukani ya kizungu. Hujalijua hilo, fundi wa Pwani nzima?"

Nawaambia ukweli: nilijua. Nani hajui? Lakini miaka yote kompyuta ile ilikaa peke yake na mimi, haina intaneti, haina mgeni, tukawa tunakubaliana. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupokea wageni wenye saa yao.

Nikajumlisha sita, nikaandika kumi na nne na nusu. Nikatoa amri. Siafu wakapanda, wakapanda, hawakusimama. Nikatoa ya pili, ya kupika. Bibi akasogea kutazama, maandishi asiyoyasoma yanapita mbele ya macho yake. Taa za mashine zikawaka, trei ikaegemea upande taratibu.

"Sasa tutajua lini?" aliuliza.

"Siku tisa."

Siku ya tisa alikuja na kigoda chake. Mayai mengi yalikaa kimya mchana kutwa, na hayo hayakusema tena. Lakini trei ya chini lilisikika moja, kisha la jirani yake likajibu. Bibi akainama, sikio karibu na waya wa trei.

"Wanaitana," alisema.

Nikainama pembeni yake. Kifaranga wa kwanza akatoka ameloa, akajaribu kusimama, miguu mirefu kuliko haja yake, akaanguka, akasimama.

"Ndiyo hiyo," bibi alisema. "Hiyo miguu ya kwetu."